Mwaka Niliochapa Orodha ya Wapiga Kura

Wiki iliyopita tulimchoma Mama Hansa. Nasema tulimchoma kwa kuwa ndivyo dini yake inavyoelekeza, na mimi nilikuwepo, nimejifunga nguo nyeupe kama wenyewe, nimesimama nyuma pamoja na wanawake waliowahi kumfanyia kazi. Alikuwa amekula chumvi ya kutosha, hakuna aliyeshangaa. Kilichonishangaza ni hotuba. Mtoto wa kaka yake, aliyekuja kwa ndege kutoka Dar es Salaam, alisema kuwa shule ambayo shangazi yake aliitumikia maisha yake yote haikuwahi kujua rangi ya mtu, kwamba pale Wahindi na Waafrika walikuwa familia moja tangu siku ya kwanza. Watu wakatikisa vichwa. Hata waliosoma pale, walioketi mkondo B na vumbi lao, nao wakatikisa vichwa. Mimi nilitazama vidole vya miguu yangu. Siku ile haikuwa yangu na maiti haikuwa ya kwetu, nikameza. Lakini nimerudi nyumbani Pasiansi na lile neno limenikwama kooni siku ya nne sasa, na kwa umri huu sina sababu ya kulibeba hadi kaburini. Shule ile ilijua rangi. Iliijua vizuri sana, na nina hakika kwa sababu aliyekuwa akichapa karatasi zake ni mimi.

Habari za nani alinizaa na kwa nini nilikuja mjini nitaziacha; kila mtu anazo za kwao. Inatosha kusema kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nilikuwa karani mchapaji wa shule, na mdogo wangu Neema alikuwa darasa la sita palepale, chini ya uangalizi wangu. Jina la shule silitaji, wanaoijua wanaijua. Ilijengwa na jumuiya ya wafanyabiashara wa Kihindi zamani za mkoloni kwa ajili ya watoto wao, halafu ikafunguliwa kwa wote, na kufikia wakati wangu watoto wa Kiafrika walikuwa zaidi ya nusu. Walikuwa na mkondo wao. Mkondo A ulisoma asubuhi, mkondo B ulisoma mchana jua likiwa limeshapasha mabati, na hakuna karatasi hata moja iliyosema kwamba A ni ya Wahindi na B ni ya Waafrika. Nilizipekua zote, nilikuwa na funguo za kabati. Haikuandikwa popote kwa kuwa hapakuwa na haja ya kuiandika.

Chumba changu kilikuwa kidogo, kati ya ofisi ya mwalimu mkuu na ukumbi wa mikutano, chenye taipureta, mashine ya kudurufu iliyonichafua wino hadi kwenye viwiko, na dirisha lililotazama kipande cha ziwa katikati ya maghala mawili. Mlango wa ukumbini haukufungika vizuri, kwa hiyo hata siku ambazo sikuitwa kuandika kumbukumbu za kikao nilisikia kila kitu. Baraza la Shule lilikuwa na wajumbe tisa waliochaguliwa na wazazi, na kwa miaka yote hiyo neno wazazi lilimaanisha wazazi wa jumuiya. Hao tisa waliketi kwenye meza ndefu ya mninga chini ya picha za waasisi. Waafrika walikuwa na wawili walioitwa waalikwa. Waalikwa hawakuchaguliwa na mtu na hawakupiga kura. Waliketi kwenye benchi ukutani, karibu na mlango wa jikoni, wakanywa chai ya tangawizi na kachori, wakaulizwa mwishoni kama wana la kusema. Mmoja alikuwa Mzee Malale, bwana shamba wa pamba mstaafu, mtu nadhifu aliyevaa tai hata Jumamosi. Yeye alijibu siku zote kwamba hana la nyongeza. Nilikuwa nikiichapa sentensi hiyo kila kikao, "Mzee Malale hakuwa na la nyongeza," na nilikuwa nikimchukia kwa ajili yake. Siku hizi namwelewa zaidi kidogo, ila si sana.

Mama Hansa alikuwa makamu mwenyekiti. Mumewe alikwishafariki, mwanawe na mkwewe walikuwa Uingereza wakihangaika na maisha, na yeye alibaki akilea wajukuu wawili kwenye nyumba ya ghorofa karibu na Makoroboi. Alinipenda, hilo sitalificha. Siku za kazi nyingi alinichukua tukachape kwake kwa kuwa kulikuwa na feni, na saa saba alinikalisha jikoni, si barazani, akanipa chapati laini na mchuzi wa choroko kwa mkono wake. Siku niliyopitia mwaloni, kwenye soko la samaki la ziwani, nikanunua sato, kapu liliachwa nje ya geti, samaki hawakuruhusiwa kuvuka kwa kuwa kwao hakuliwi nyama, na tulicheka wote wawili nilipotoka nikakuta paka wa jirani ameshajihudumia. Wajukuu walimwita Ba, yaani bibi kwa Kigujarati, wakamlilia yeye wakianguka, na madaftari yao alisaini yeye. Nilikuwa nimekaa jikoni mle mle, mdomo umejaa chapati, niliposikia kwa mara ya kwanza habari ya ghala. Mwenyekiti, Bwana Pravin, alikuwa amekuja kumwona, wakawa wanaongea sebuleni mara Kigujarati, mara Kiswahili, kama walivyozoea. Alisema wamepata ghala la zamani la pamba Igogo, zuri, kubwa, na mkondo B wote ungehamishiwa huko mwakani. "Wengi wao wanatoka upande huo huo," alisema. "Watakuwa karibu na kwao." Neema alikuwa mkondo B. Kwetu ilikuwa Pasiansi, upande wa pili kabisa wa mji.

Nilimwuliza Mama Hansa siku hiyo hiyo. Nilimwambia, "Mama, huko ghalani kuna maktaba?" Akasema mambo yatapangwa. Wiki iliyofuata nikamwambia kwamba ghala halina hata madirisha, nimekwenda kuliona kwa macho yangu. Akasema, "Subiri, Leti. Ukisukuma sana watakasirika." Hao watakaokasirika alikuwa akiwaandalia chai kila Alhamisi. Leo nikikaa nikafikiri, naona kwamba hakuwa mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kuamini kuwa wema wake wa jikoni unatosha, na kwamba mimi niliyeshiba chapati zake sina sababu ya kuuliza habari za meza ya mninga. Watu wa namna hiyo ni wengi na hawana rangi moja. Lakini wakati ule sikuwa na hekima ya kuwaza hivyo. Nilikuwa na hasira tu, na hasira ilinifaa zaidi.

Katikati ya mwaka ikaja barua kutoka ofisi ya elimu kwamba uchaguzi ujao wa Baraza wapige kura wazazi wote wenye watoto shuleni, bila ubaguzi. Niliifungua mimi, nikaisoma mara mbili, nikaipeleka ukumbini na miguu myepesi. Nilidhani mambo yamekwisha. Sikujua watu wa vikao walivyo. Kikao cha dharura kiliitwa, chai ikamiminwa, na Bwana Pravin, ambaye hakuwahi kupandisha sauti maishani mwake, akasema kwamba barua ni nzuri na itatekelezwa. Ila lazima tujue mzazi ni nani. "Wenzetu hawa," alisema, na hakutazama benchini, "mtoto mmoja ana mjomba, ana shangazi, ana bibi, ana kaka. Wote wakija kupiga kura tutajaza uwanja wa mpira." Wakapitisha kwamba mpiga kura ni baba au mama mzazi peke yake, jina lake lionekane kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Nikaandika. Mama Hansa alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya sari yake, na mkono wake ukanyanyuka pamoja na mikono ya wengine. Mzee Malale hakuwa na la nyongeza.

Kwa watu wa kwetu hilo lilikuwa pigo, na aliyelitunga alijua anapiga wapi. Nusu ya watoto wa mkondo B walikuwa mjini kwa ndugu. Wazazi walikuwa Sengerema, Ukerewe, Magu, shambani au visiwani, na mtoto amekabidhiwa kwa dada, kwa baba mdogo, kwa bibi, kama watoto walivyokabidhiwa siku zote. Kwetu anayekulea ndiye mzazi na haulizwi karatasi. Nilikwenda kwa Mama Hansa mara ya tatu. Nilimkuta akisuka nywele za mjukuu wa kike, nikamwambia, "Mama, kwa sheria hii mimi sina kura juu ya Neema." Akasema bila kugeuka, "Wewe ni mfanyakazi, Leti. Usijiingize." Akaendelea kusuka. Nilimtazama yule mtoto, nikamtazama yeye, na nadhani hapo ndipo wazo liliponiingia, kwa sababu nilitoka pale sina hata hasira tena.

Kesho yake Bwana Pravin aliniletea rejesta za shule nzima niandae orodha ya wapiga kura. Aliniambia, "Unajua wa kuondoa." Nilijua. Nilikaa siku tatu na zile fomu za kuandikisha watoto, moja moja, mkondo B kwanza halafu mkondo A, na kila penye jina la mlezi badala ya mzazi niliondoa. Wa kwetu walitoka wengi, kama walivyotaka. Lakini mkondo A nao ulikuwa na walezi. Miaka ile vijana wa Kihindi walikuwa wakiondoka mji huu kila mwezi, Uingereza, Kanada, na watoto wakabaki kwa babu na bibi hadi mambo ya huko yatengemae. Fomu zao zilisema hivyo waziwazi, kwa mwandiko mzuri. Ba wa huyu, Dada, yaani babu kwa lugha yao, wa yule, mke wa kaka mkubwa. Mama Hansa alitoka. Na Bwana Pravin alitoka, kwa kuwa watoto wake walikwishamaliza shule, na wale watatu waliokuwa wakishuka kwenye gari lake asubuhi walikuwa wa mdogo wake aliyehamia ng'ambo. Sikubuni jina, sikufuta jina nje ya sheria. Nilifuata kila neno la sheria yao hadi nukta. Halafu nikachapa stensili, safi, bila kosa hata moja, nikampelekea asaini akiwa kwenye chai.

Akasaini. Watu wameniuliza mara nyingi ilikuwaje mtu makini kama yule asisome, na jibu langu ni kwamba hakuna aliyewahi kumfundisha kujitafuta kwenye orodha. Jina lake lilikuwa la kwanza kila karatasi ya shule ile tangu mimi niko kwetu nachunga mbuzi. Sisi tungesoma orodha hiyo mara tano, tukiitafuta nafsi yetu kwa kidole. Yeye alitafuta mstari wa saini tu, akautia wino, akarudi kwenye kachori yake.

Uchaguzi ulikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Mlangoni walimweka Mzee Malale na nakala ya orodha, ili Mwafrika awe ndiye anayewarudisha Waafrika. Nilikuwa ndani, kwenye meza yangu ndogo ya kuandika kumbukumbu, karibu kabisa na mlango. Wa kwanza kurudishwa alikuwa Bibi Kabula wa Igogo, muuza dagaa, mlezi wa wajukuu watatu, amevaa viatu vya mtu mwingine kwa heshima ya siku. Mzee Malale alimwambia kwa adabu kwamba jina halimo. Bibi akauliza ni jina gani linatakiwa. Akaambiwa la mama au baba wa watoto. "Mama yao nilimzika," akasema Bibi Kabula. "Nimlete?" Mzee Malale akaita anayefuata. Bibi akashuka ngazi moja, akakaa, akanyoosha miguu. Nyuma yake wakarudishwa wengine, mjomba, dada, baba mdogo, nao wakakaa. Niliona shingo ya Mzee Malale ikilowa jasho juu ya ile tai.

Halafu likafika gari la mwenyekiti. Alipanda ngazi akisalimia huku na huku, akawa anapita, na Mzee Malale akanyoosha mkono, si kumgusa, kuonyesha tu kwamba kuna mlango. Akatembeza kidole kwenye karatasi kutoka juu hadi chini. Akarudia kutoka chini hadi juu. "Mwenyekiti," akasema, "jina lako silioni." Bwana Pravin akatabasamu, akidhani ni utani. Akachukua karatasi, akatazama saini yake mwenyewe, halafu majina, na uso ukambadilika. Nyuma yake alikuwa amefika Mama Hansa na wajukuu mkononi, na mabibi wengine wanne watano katika sari zao za kutokea. Walipoelewa, mmoja wao, mwanamke mzito wa magoti, akakaa kwenye ngazi kando ya Bibi Kabula kwa kuwa hakuweza kusimama tena. Bibi akasogea kumpisha.

"Huu ni upuuzi," akasema Bwana Pravin. "Mzee Malale, unanijua. Nipishe." Nami nilisubiri kuisikia ile sentensi yake ya siku zote, nilikuwa tayari hata kuiandika. Mzee Malale akalegeza tai yake. "Nakujua, mwenyekiti. Hata huyu bibi namjua, wajukuu zake nawajua kwa majina, na nimemrudisha kwa sababu ya karatasi yako. Nikikupisha wewe, huyu nitamwambia nini?" Ndani ukumbini walikuwa wameketi watu wachache mno kwa shughuli ile, na bila nusu ya familia za shule kuwakilishwa uchaguzi usingekuwa halali. Nje walijaa walezi wa rangi zote, juani. Ndipo Bwana Pravin, mtu ambaye hakuwahi kupandisha sauti, akaipandisha. "Mimi nimewalea watoto hawa tangu wananyonya. Mimi nawaamsha, mimi nawalisha, wakiugua ni mimi. Nani atasema mimi si mzazi wao? Anayelea ndiye mzazi."

Nilisimama na daftari langu. Sikuwa nimepanga kusema neno, hilo naapa. Nikasema, "Niandike hivyo kwenye kumbukumbu, mwenyekiti?"

Akageuka akaniona. Alinitazama, na nikaona kwamba amejua, amejua kila kitu, siku zile tatu na zile fomu. Nyuma yake Mama Hansa naye alinitazama, na macho yake sikuweza kuyavumilia, lakini sikuyakwepa. Bibi Kabula akasema kutoka pale chini, "Andika, mwanangu. Kasema vizuri." Bwana Pravin akatazama ngazi zilizojaa, akatazama watoto wa mdogo wake waliokuwa wakimtazama yeye. "Andika," akasema.

Nikaandika, na wakaingia wote.

Waliochaguliwa wa kwetu walikuwa watatu kati ya tisa, Bibi Kabula, Mzee Malale na nesi mmoja wa hospitali. Watatu, wakati watoto wetu walizidi nusu, kwa kuwa wengi wetu walishaisikia sheria ile wakabaki nyumbani. Kwa hiyo yule mwenye hotuba msibani asiniambie habari za familia moja, na wewe unayesoma usinipigie makofi. Tulipata theluthi ya haki kwa kuwakaba watu na sheria yao wenyewe, basi. Kikao cha kwanza cha Baraza jipya, Bibi Kabula aliingia akaonyeshwa benchi kwa mazoea. Akasema benchi linamuumiza kiuno, akavuta kiti cha mezani, akakaa chini ya picha za waasisi akinuka dagaa kidogo. Hoja ya ghala ikaletwa. Aliongea mara moja tu: "Pamba haihitaji dirisha. Mtoto anahitaji." Wakapiga kura kwa mikono. Watatu wetu wakakataa, na mfamasia mmoja kijana akakataa, nikahesabu wanne, nikajua tumekwisha. Halafu mkono wa Mama Hansa ukapanda, taratibu, bangili zikateremka hadi kwenye kiwiko. Watano kwa wanne. Ghala likafa pale pale, na niliinamisha kichwa kwenye daftari ili nisionekane ninavyolia.

Hoja iliyofuata ilikuwa mimi, na aliyeileta ni Mama Hansa huyo huyo. Alisema karani ametumia ofisi kuwaaibisha wazee mbele ya watu. Sikusikia nani alikataa na nani alikubali, ila hesabu haikuwa ya kubishaniwa. Baadaye alikuja chumbani kwangu, akasimama mlangoni na mkoba wake. "Ungeniambia, Leti," akasema. "Ulikula kwangu. Ungeniambia mimi, ningekusaidia."

"Nilikuambia, Mama. Mara tatu."

Akautia mkoba kwapani, akaondoka. Tuliishi mji mmoja miaka mingi baada ya hapo, tukakutana Makoroboi, sokoni, benki, na kila mara nilimpa shikamoo yake naye akaniitikia marahaba kwa sauti ile ile ya jikoni. Hakuniomba radhi, wala mimi sikumwomba. Nilimpenda na sikumsamehe, na nimemsindikiza na vyote viwili.

Barua ya kunifukuza niliichapa mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mchapaji mwingine. Ilisema nimeandaa orodha ya wapiga kura kwa namna isiyokusudiwa. Niliipenda sentensi hiyo. Niliichapa nakala tatu, nikapeleka mbili zikasainiwe, ya tatu nikaikunja nikaitia kifuani. Halafu nikakusanya kikombe changu na sweta, nikapita kwenye varanda ya mkondo B wakati wa kipindi cha kwanza cha mchana. Neema alikuwa kwenye dawati la dirishani. Aliona sweta, akaona kikombe, na alikuwa mtoto mwerevu. Akanong'ona, "Dada, tunaondoka?"

"Mimi naondoka," nikamwambia. "Wewe kaa hapo hapo mpaka umalize."